Doa la Baba Fabiola

Mwaka ule sabuni ilipoadimika Babati nzima, Mektilda alipanga foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, na alichorudi nacho nyumbani Nakwa si sabuni, ni wivu.

Nyuma yake kwenye foleni alisimama Jovita, mjane wa Singe, mwanamke mwenye shingo ndefu na macho yasiyotulia. "Mama Fabiola," Jovita akamnong'oneza, "lile doa jeusi la Baba Fabiola, la mgongoni, mpelekeni hospitali. Limevimba, na jana lilikuwa linatoa damu."

Basi! Mektilda hakusikia kuvimba wala damu. Alichosikia ni kwamba Jovita anaujua mgongo wa Romanus. Doa lile mumewe alizaliwa nalo, chini kidogo ya bega la kushoto, na kwa miaka kumi na miwili Mektilda alilihesabu kuwa lake, kama kitanda chake.

"Amelionea wapi?" alimuuliza Romanus kabla hajaketi.

"Shambani, mke wangu. Si tunalima kwa zamu, leo kwake, kesho kwetu? Shati ninalo moja, nalivua nisilichakaze. Kila mtu ameliona."

Lilikuwa jibu la kweli. Nusu ya wanaume wa pale walilima vifua wazi mwaka ule kwa sababu hiyo hiyo. Lakini Mektilda alikuwa ameshapandisha mori, na maelezo yalimwongezea kuni tu. Akahamia kulala na watoto. Romanus aliposema doa linamwasha, alijibiwa, "Kamwonyeshe Jovita." Aliposema linamuuma, jibu lilikuwa lile lile. Mwishowe akanyamaza, maana alichoka kusimangwa.

Wiki tano zikapita hivyo. Asubuhi moja Romanus alishindwa kunyanyua jembe. Mektilda akamvuta shati kwa hasira, shati likagoma. Lilikuwa limegandia mgongoni. Alipolilowesha na kulibandua, aliona kidonda kikubwa kuliko kifungo cha koti, kingo zimepinda pinda, rangi mbili tatu.

Hospitalini daktari alikitazama kwa muda mrefu, akaandika barua ya kwenda hospitali ya rufaa Moshi. Kisha akauliza, "Doa lilianza kubadilika lini?"

Romanus alimwangalia mkewe, akainamisha kichwa. Hakutaka kumuumbua.

"Nilijua wiki tano zilizopita," akasema Mektilda.

"Wiki tano nzima, mama? Na hukumleta?"

"Kuna mwanamke aliniambia. Nikamwonea wivu."

Machozi yakamtoka pale pale mbele ya wauguzi. Lakini aibu yake kubwa hakumwambia daktari: hata sasa, barua ya Moshi ikiwa mkononi, bado alitamani aliyeliona kwanza awe mtu mwingine yeyote, si Jovita.