Meza Hurithiwa, Sauti Hairithiwi

Katika soko la Kikula, kwenye mstari wa kina mama, kila muuzaji ana herufi yake. Mama Josée, mkubwa wao, muuza unga wa ugali, huita kwa B: "Bunga ya bukari, baba, beba bunga." Marceline wa makayabu, yule samaki wa chumvi, alikuwa wa M. Alipoita, maneno yalitoka yameshikana mikono, na mnunuzi alijikuta ameshasimama.

Marceline alipofariki, binti yake Reine akaja kukaa mezani. Msichana wa kuangalia sana na kusema kidogo. Alikaa kimya, na meza isiyoita hupewa mwingine. Laure wa nyanya alishaanza kuipima kwa macho.

Asubuhi moja moshi wa makaa ulitanda hata meza zikawa kama zinaelea. Reine akafumba macho, akaita kama mama yake: "Mama, muone makayabu, munofu mutupu, mafuta mingi."

Baba Symphorien, mteja wa Marceline wa miaka yote, akageuka uso umejaa furaha, kisha, alipomwona Reine, uso ule ukazimika. Akaondoka bila kununua.

Mama Josée akaja, akakaa karibu na Reine.

"Mutoto yangu, meza ni yako. Lakini ile sauti tulizikaka naye. Usimuamushe."

"Miye sauti yangu ni kidogo, mama."

"Basi tafuta ya kidogo. Lakini leo. Laure anangoya."

Reine akasikiliza soko. B za Mama Josée zilianguka kama magunia. K za muuza kuku ziligonga kama nyundo. Yeye angepita wapi? Akakung'uta samaki mmoja, chumvi ikamwagika juu ya karatasi, sss, kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Akaiacha ile sauti impande kooni.

"Samaki, sista. Samaki safi, samaki ya sahani, songa, songa sasa."

Hakupaza sauti. Ilikwenda kama mnong'ono wa usingizini, ikapita chini ya kelele zote. Mwanamke aliyekuwa ameshapita akarudi, akauliza ni nani amemuita sikioni. Reine akamwambia ni huyu samaki. Yule mama akacheka mpaka akashika meza, akachagua wale wanene.

Mama Josée alimtazama Laure tu. Laure akainua beseni lake la nyanya, akaenda kutafuta nafasi kwingine, na midomo yake, mwenyewe hajui, ilikuwa ikisema sa, sa, sa.