Mwenye Kuitika Jina la Stanislas

Nawategea kitendawili, mujibu mbio: anafundisha bila sauti, analipwa bila kufungua mukono, na kaburi yake ilishaota majani. Nani? Munashindwa. Basi muketi, niwaambie.

Mujukuu wangu Bisimwa alimaliza iniversite, akaketi. Kila asubuhi anapiga shemizi pasi, anatoka kwetu Kadutu na dipulome mu bahasha. Jioni anarudi nayo. Baba ya Fabiola, muchumba wake, akamucheka: "Binti yangu haolewi na karatasi ya kutundika ku ukuta!"

Halafu direktere mumoja wa masomo, kule njia ya Walungu, akamuita. Mwalimu mumoja wa pale, Stanislas, alikufa, lakini jina lake lingali linalipwa kutoka Kinshasa. "Ingia mu nafasi yake, uitike jina lake. Mushahara tutagawana." Bisimwa akaingia.

Watoto wa kalasi walimupenda sana yule marehemu. Wakamuwekea Bisimwa kiti kilekile karibu na dirisha, na chaki upande wa kushoto, kwani Stanislas alikuwa anaandika na kushoto. Bisimwa hakuwakatalia. Kisha nikaona, mu nyumba yangu, anamenya viazi na mukono wa kushoto. Namuita "Bisimwa!", hageuke. Nikafanya muchezo: "Mwalimu Stanislas!"

"Abe, koko!" akaniitika mujukuu wangu palepale.



Fabiola alikuwa pale. Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Siku padiri atatutangaza mu kanisa, atasoma jina gani? Kule kwenye kazi wote wanakujua Stanislas. Ao naolewa na marehemu?"

Bisimwa akaendelea kumenya.

Siku ya Mungu iliyofuata, kisha misa, tukiwa tena jikoni sisi watatu, mwanamuke wa kitambaa cheusi akapiga hodi. Akabaki mu mulango. "Niko Colombe. Natafuta bwana yangu."

"Bwana yako nani, maman?" nikauliza.

"Stanislas. Nilimuzika miye mwenyewe. Nimeenda ku biro ya mishahara ya walimu kuomba haki ya mujane, wananicheka: maman, rudi kwako, bwana yako iko muzima, anafundisha kila siku! Watoto wangu wamefukuzwa masomo, sina ya kulipa. Watu wa kule wakanionyesha hapa." Akamutazama Bisimwa, macho yakashuka mpaka ku mukono wa kushoto wenye kisu. "Yesu! Hata mukono!"

Kisu kikaanguka. Fabiola akamusogezea kiti, Colombe hakuketi. Maji ya viazi yakaanza kuchemka, hakuna aliyeyatazama.

"Muniambie tu," akasema polepole, kama anaongea na mugonjwa. "Nilie, ao nisilie?"

Bisimwa akasimama. "Alikufa, maman. Kesho tutaenda wote ku biro, nitasema mbele yao."

"Na kazi?" nikauliza, kwani tumbo nalo lina mudomo.

Akamugeukia Fabiola.

"Padiri asome Bisimwa," akasema. "Bisimwa asiye na kazi."