Sanamu Iko kwa Fundi

Rozari aliikuta ndani ya kopo la vifungo, siku alipokuwa anatafuta sindano. Fundi hakumwuliza mkewe neno. Aliirudisha palepale, akafunika kopo, akatoka nje kutafuta hewa. Mwanamume mwingine angefoka papo hapo, lakini yeye alikuwa seremala, na seremala hakati mbao kabla hajapima. Akaanza kupima.

Miaka ishirini na mitatu ya ndoa, jamani! Mkewe alizaliwa Mkatoliki, sawa, hilo halikuwa siri. Lakini alipoolewa alihamia kanisa la mumewe, akaimba kwaya huko, akawalea watoto huko mpaka wakaondoka nyumbani. Sasa kwa miezi miwili, kila ikikaribia saa tisa alasiri, anajifunga kitambaa kichwani na kusema anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Mgonjwa gani huyo asiyepona wala asiyekufa?

"Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu," alisema dada yake kwenye simu alipoelezwa. "Watu wazima na akili zao, wanalipigia magoti gogo la mti! Ukimwachia huyo, laana itaenea nyumba nzima."

"Niombee, dada."

"Nakuombea kila siku, wala usiwe na shaka."

Ndivyo walivyoagana kila asubuhi. Fundi hakufungua karakana kabla hajampigia dada yake simu amwombee. Aombewe nini, hakusema. Dada naye hakuuliza, maana alikuwa na mengi yake ya kusema.

Na jambo lenyewe lilikuwa hili: mkono wa kulia wa fundi ulikuwa umeanza kutetemeka. Patasi ilimchezea vidoleni kama kitu kilicho hai. Kuna mlango wa kabati aliouharibu mara mbili, akamwambia mteja kwamba mbao hazijakauka. Mficha maradhi, kilio humfichua. Fundi aliijua methali hiyo vizuri sana na hakutaka kuisikia. Seremala akijulikana anatetemeka, nani atampa kazi?

Basi siku moja akaja katekista wa kanisa Katoliki lililokuwa ng'ambo ya barabara. Sanamu yao ya Bikira Maria, ya mbao, ilikuwa imeingiliwa na mchwa, mkono mmoja umedondoka. Fundi alitaka kumwambia akatafute mtu mwingine. Halafu wazo likamjia: mtego bila chambo haunasi. Chambo si ndicho hiki kinaletwa mlangoni?

"Ileteni," alisema. "Ila nikikuuliza usikasirike. Hii mnaiabudu?"

"Tunamwabudu Mungu peke yake," alijibu katekista, bila kukasirika hata kidogo. "Mama tunamheshimu, na tunamwomba atuombee kwa Mwanawe. Sanamu ni kama picha ya mzazi ukutani."

"Mimi picha ya mzazi siipigii magoti."

"Mtu akiitemea mate mbele yako, je?"

Fundi akajifanya anatafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake. Moyoni alisema, mdomo unasema lake na magoti yanasema lake. Tutaona.

Akaisimamisha sanamu katikati ya karakana, uso umeelekea mlangoni. Akaapa: siku mkewe atakapoingia na kupiga magoti, siku hiyohiyo atamfungashia nguo zake arudi kwa kaka yake. Mchana mkewe akaleta chakula. Fundi aliinama kwenye jiwe la kunolea, jicho moja likiwa pembeni.

Mkewe alisimama mbele ya sanamu. Akaifuta vumbi la mbao usoni kwa ncha ya kitambaa chake, taratibu, mpaka pua ikaonekana. "Masikini, mchwa wamemla mpaka mkono," alisema. Kisha akaweka bakuli mezani. "Lakini umemweka njiani, baba watoto. Mtu atajikwaa." Akaishika kiunoni, akaisogeza ukutani, akaenda zake.

Loo! Mjanja huyu, aliwaza fundi. Siku ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Chakula kinaletwa, sanamu inafutwa vumbi, basi. Na bado, kila saa tisa ikikaribia, mkewe alikwenda kwa mgonjwa wake. Sasa anakwenda wapi, ikiwa huyo anayemwabudu yuko hapa amesimama kwenye maranda, mkono mmoja hana? Usingizi ulimpaa fundi. Kumbe huenda rozari ilikuwa kifuniko tu, na mgonjwa mwenyewe ana ndevu!

Siku ya nne alimfuata. Hakuvua hata aproni. Alijibanza nyuma ya ukuta wa duka la saruji, akavuka barabara mkewe alipovuka, akamwona anaingia kanisani. Afadhali, alijisemea, halafu akajishangaa kwa kusema afadhali. Akasogea mpaka mlango wa pembeni, akashika kitasa, akachungulia.

Hapakuwa na mtu mwingine. Mkewe alikuwa amepiga magoti mbele ya kibao kitupu cha ukutani. Kitupu kabisa! Palikuwa na skrubu mbili zenye kutu, utando wa buibui, na alama nyeupe ukutani mahali sanamu ilipokuwa imesimama.

"Mama, tuombee kwa Mwanao," alikuwa akisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekaa jikoni na mama yake. "Mkono wa mume wangu unatetemeka. Anadhani sijui. Juzi amemwaga chai, akakilaumu kikombe. Kule kanisani kwetu nikisema, watatangaza kwa kipaza sauti ili wote wamwombee, na wateja watasikia. Wewe hutangazi. Kule harusini walipoishiwa divai ni wewe uliyewasemea kwa Mwanao. Huyu wangu naye hawezi kusema. Msemee."

Miezi miwili fundi alikuwa anamhesabia mkewe hatua kama askari, kumbe mgonjwa aliyekuwa akienda kumwombea alikuwa yeye. Alitaka kurudi nyuma polepole, akimbie, lakini mkono wa kulia ulikuwa bado kwenye kitasa, na kitasa kikaanza kugongagonga. Mkewe akageuka.

"Umenifuata," alisema.

"Nimekufuata. Nilikuja kukufukuza." Aliona haya, akauficha mkono chini ya aproni, akatazama ule ukuta. "Hapa mbona hapana kitu?"

"Si unayo wewe?"

"Sasa ulikuwa unaongea na nani?"

"Wewe kila asubuhi ukimwomba dada yako akuombee," alisema mkewe, "huwa unaongea na simu?"

Fundi akaenda kukaa kwenye benchi la mbele. Benchi lilikuwa linayumba, mguu mmoja umelegea, na kwa mara ya kwanza maishani aliona kitu kibovu bila kuwaza kukitengeneza. Akautoa mkono wa kulia chini ya aproni, akauweka pajani, palipo wazi. Ulikuwa unatetemeka vilevile.

"Niombee," alisema.

Mkewe akaja akaketi karibu naye. Alikuwa anajua kila kitu, lakini aliuliza swali ambalo dada hakuwahi kuliuliza hata siku moja.

"Nikuombee nini?"

Fundi akauangalia mkono wake. Kisha akamwambia.