Kurudi Nyuma Mara Tatu

Kwa habari za wauaji, fundi cherehani huyu alikuwa haambiliki. Wenzake wakisikiliza mpira, redio yake ni kipindi kimoja tu, kile cha wauaji waliotikisa nchi. Anapiga pasi huku anatoa hukumu: "Mke wa huyo alikuwa anajua kila kitu, wasitufanye watoto!"

Mchana huo habari ilikuwa mbichi. Muuaji aliyebatizwa Mshona Magunia alikuwa bado mitaani. Wanaume watatu walikuwa wamekutwa ndani ya magunia yaliyoshonwa, na leo polisi walieleza ule mshono: uzi wa mara mbili, mwishoni hauna fundo, umerudishwa nyuma mara tatu kisha ukakatwa kwa meno.

Pasi ikabaki juu ya suruali ya mteja mpaka ikatoa moshi.

Mshono ule ni wake! Aliubuni mwenyewe kwa uvivu wa kufunga mafundo, na aliwafundisha watu wawili tu, mdogo wake na mume wa mdogo wake. Mungu wangu, mdogo wangu analala na muuaji! Hakufikiria vingine hata kidogo. Mtoto aliyembeba mgongoni tangu mama yao alipofariki, mwoga hata wa kumchinja kuku! Akampigia simu. Haikupokelewa.

"Hodi, shemeji!"

Shemeji mtu huyo mlangoni, kajaa tele, anachekacheka.

"Nimetumwa sindano, ile kubwa ya magunia."

Fundi akajikaza kisabuni. "Nani kakutuma?"

"Nani tena kama si mdogo wako? Kuna gunia anataka kulifunga leo leo. Nimemuuliza la nini, kacheka tu."

Redioni mtangazaji alikuwa bado anaendelea. Wataalamu, alisema, wamegundua kwamba mshono ule huanzia kushoto kwenda kulia. Mshonaji ni mtu wa mashoto.

Shemeji aliona chaki imeanguka, akainama akaiokota kwa mkono wa kulia, kama afanyavyo siku zote. Fundi aliutazama mkono ule, akakaa. Ni mara ngapi alimchapa mdogo wake kile kiganja cha kushoto? "Anzia kulia, we mtoto!" Na mtoto anacheka tu, anaanzia anakotaka.

Simu ikaita. Fundi akaweka kidole mdomoni, shemeji akaduwaa.

"Dada, ulinipigia?" Sauti ilikuwa ile ile, tamu, ya kudeka. "Huyo mume wangu kashafika hapo? Mpe sindano, umwambie aje mbio, namsubiri."

Fundi alinyoosha mkono, akamshika shemeji yake kwenye shati, akamng'ang'ania kama mtu anayezama. Machozi yalimtiririka asiyafute.

"Hajafika, mwanangu," alisema. "Sijamwona kabisa leo."

Tangu aanze kumlea, hakuwahi kumdanganya.