Karama ya Kivulini

Gerson hakuwa mvivu. Tuseme tu kwamba yeye na jembe hawakuwahi kupatana. Kwa hiyo mchungaji alipofundisha habari za karama, akawataka wanajumuiya wake wa Hombolo kila mmoja aitambue ya kwake na kuitumia kwa faida ya wote, Gerson hakuchelewa. Alisimama akasema yake ni maombezi. Na kweli sauti alikuwa nayo, na maneno hayakumwishia. Watu wakaitikia amina.

Jumuiya ile ilikuwa na desturi ya kupaliliana. Msimu wa mvua, kila Jumamosi walikwenda wote shamba la mmoja wao, na kila mtu alipimiwa ngwe yake, kipande cha kumaliza siku hiyo. Tangu siku ya karama, wenzake wakiinama kwenye mtama, Gerson aliketi katika kibanda cha kulindia ndege na Biblia yake, eti anaifunika kazi kwa maombi. Hakuna aliyenung'unika. Mkewe tu, Penina, alimuuliza siku moja, "Hivi Mungu hamsikii mtu aliyeshika jembe?" Gerson alijifanya hakusikia.

Ikafika zamu ya shamba lake mwenyewe. Watu walikuja wote, hata Mama Dorothea, mjane ambaye mgongo wake ulikwisha kupinda kwa kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwanangu Hana anapasuliwa asubuhi hii, mjini. Mtoto amekaa vibaya tumboni."

"Pole sana, mama! Sasa si ungekwenda kwake?"

"Dada yake yuko naye. Mimi ningekaa nje kulia tu, na leo ni zamu yako. Wewe una karama, mimi nina mikono. Mwombee Hana wangu, usimwachilie mpaka tupate habari. Ngwe yako nitakulimia mimi."

Alimwachia simu yake pale kibandani, akamwomba amwite ikilia. Kisha akachukua jembe la Gerson, maana lake lilikuwa limevunjika mpini. "Wewe leo hulihitaji," alisema, na wala hakukusudia kumchoma.

Gerson alianza vizuri. Alipiga magoti, akamtaja Hana kwa jina, akalia hata machozi mawili matatu ya kweli. Lakini jana yake alikesha kibanda umiza akitazama mpira, na kivuli kilikuwa kitamu. Aliegemea nguzo ili aombe kwa utulivu. Yaliyofuata hakuyajua, maana alilala usingizi wa pono.

Alipozinduka, jambo la kwanza aliloona ni kwamba shamba zima lilikuwa kimya. Watu wale hawakupalilia bila kuimba hata siku moja, na sasa yalisikika majembe tu. Jambo la pili, miguu yake ilikuwa imefunikwa kanga ya Mama Dorothea. La tatu lilimtoa jasho: simu haikuwepo. Ukurasa wa Biblia ulikuwa umelowa udenda.

Kabla hajajifuta mdomo, alisikia simu ikilia kule shambani. Mama Dorothea alisikiliza, akaketi chini kwenye udongo.

"Wa kiume," alisema. "Wote wawili wazima."

Vigelegele vilipasua anga. Watu walikimbilia kibandani, wakamnyanyua Gerson juu juu. Yotham, mwenyekiti wa jumuiya, alimshika mabega huku machozi yakimtoka. "Tulikuona, ndugu yangu! Tuliona jinsi ulivyozama rohoni, tukaacha hata kuimba!"

Hapo angeweza kusema. Badala yake alitabasamu, akasema, "Utukufu kwa Mungu."

Penina alipakua ugali na mlenda. Gerson alipewa kiti, akanawishwa wa kwanza, na watu walisubiri amege ndipo nao wale. Mbele yake Mama Dorothea alinyoosha mkono. Viganja vilikuwa vimechubuka, na udongo wa shamba la Gerson ulikuwa umejaa kwenye kucha zake. Gerson alilirudisha tonge kwenye sahani. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima anayejijua, na angepata pa kujificha angejificha.

"Nililala," alisema.

Watu wakacheka. "Mnaona unyenyekevu?" Yotham akasema.

"Si unyenyekevu! Nililala, jamani. Hata sala sikuimaliza. Hana angekufa ningekuwa nakoroma."

Kicheko kilikatika. Yotham alitazama mikono yake. Penina aliinamia sufuria, akakwangua mahali ambapo hapakuwa na ukoko. Mama Dorothea peke yake ndiye aliyeendelea kula.

"Najua," alisema. "Simu iliita mara ya kwanza, hukuniita. Nikaja, nikakuta inalia sikioni mwako nawe hujitambui; ikakatika kabla sijapokea, nikaichukua. Nzi walikuwa wanakusumbua, nikakufunika. Wenzako niliwaambia wasikupigie kelele tu. Hayo ya rohoni wameyasema wenyewe."

"Sasa, mama," Gerson aliuliza, "nani alimwombea Hana?"

"Mimi. Huku nalima."

Gerson angeshukuru kama mama yule angemtukana. Aliondoka pale bila kunawa, akaenda shambani. Jembe lake lilikuwa limesimamishwa kwenye mtama, na mpini ulikuwa bado na unyevu wa jasho. Akaitafuta ngwe yake ili walau aimalizie. Ilikuwa imekwisha kupaliliwa mpaka mwisho, safi, halijabaki hata gugu moja.

Ngwe iliyokuwa haijaguswa ni moja tu, ya Mama Dorothea. Gerson akainama, akaanza.