Cheti Kilichochemsha Chai

Ni mimi Gorreti niliyekichoma, na sitaki mtu anisaidie kulia.

Mume wangu Wamboga alikuwa sajini, fundi wa magari ya jeshi. Enzi za Amin walimpeleka Odessa, Urusi ya wakati ule, miaka miwili kusomea lori za Kirusi, akarudi na cheti chenye muhuri mwekundu. Pale kambini Jinja tulikitundika juu ya kitanda, na mgeni hakupewa maji kabla hajakisifu. Mwaka wa tisini na tatu jeshi likapunguzwa. Afande asante, chukua mabati, nenda nyumbani. Nyumbani kwenyewe chumba kimoja Namatala, mtaa wa maskini, watu wanane.

Tukasikia shirika moja la wazungu la kupeleka chakula Karamoja linatafuta fundi mkuu, na atapewa nyumba Malukhu, mtaa wa wakubwa. Nyumba! Nikaanza kuchagua mapazia. Ndipo akaja kaka yangu Mugweri, bingwa wa kusikiliza redio, mtu ambaye hata Nairobi hajafika.

"Shemeji, Urusi imekufa," akamwambia Wamboga. "Dunia sasa ni ya Mmarekani. Onyesha karatasi hiyo, watakufukuza kama mbwa."

Nikaogopa. Nikakitia cheti kwenye makaa ya sigiri, tukanywa chai.

Wamboga akaenda intavyu na kofia ya mitumba yenye bendera ya Marekani. Mkubwa wao, kijana Mmarekani ambaye ndevu zilikuwa bado zinafikiria kuota, akamwuliza alisomea wapi.

"Jinja, bwana. Urusi sijakanyaga, naapa kwa Mungu!"

Kijana akasikitika. Akampeleka uani kumwonyesha tatizo lake: lori sita za Kirusi, zilizonunuliwa kwa bei ya kutupa baada ya Urusi kuanguka, na vitabu vyake hakuna wa kuvisoma.

"Ni mimi!" mume wangu akapiga kelele. "Nilisoma Odessa!" Akafungua kitabu, akakisoma kama padri na misale.

Kijana akamtazama. "Basi dakika tano zilizopita ulinidanganya. Tena kwa kiapo."

Akampa kazi ya kuosha lori. Ufundi mkuu wakampa Mrusi aliyeletwa kutoka hukohuko, kanali mzima, aliyewahi kuamuru vifaru mia.

Nilimchukia, jamani! Siku ya kwanza kumpelekea mume wangu ugali wa posho na maharage, nilikwenda na matusi tayari mdomoni. Nikamkuta kanali amechutama kando ya Wamboga, na nilipofungua chakula akala kuliko mwenyewe, akakomba bakuli langu kwa kidole. Yule kijana alipopita, kanali akaruka akasimama wima, mchuzi kidevuni.

"Baba Andrew, mwulize," nikamwambia mume wangu, "anarudi kwao lini? Ile nyumba sisi tunaingojea."

Wamboga akamwuliza kwa Kirusi. Mrusi akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akafuta macho kwa kiganja chenye oili, akajibu polepole.

"Kasemaje?"

"Anauliza, kwao wapi."