Dawa za Kupimia Damu ya Watoto wa Boito

Mwaka wa 1996 stima ilipotea Kericho, na friji ya maabara ya Janefer ikaanza kupata joto. Ndani mlikuwa na damu ya watoto wa eneo la Boito, pamoja na dawa za kupima protini inayobeba vitamini A. Vingeharibika, watoto wangedungwa sindano tena kutolewa damu nyingine, na mama zao walishakataa.

Akavibeba vyote, akakimbilia kwa Weldon, mwenye jenereta ya kupozea maziwa.

"Weka hapa kando ya maziwa, dada," Weldon akasema.

Stima iliporudi, Janefer alijaribu dawa kwa damu ambayo jibu lake lilijulikana. Rangi ya manjano ikatokea, na jibu likawa lile lile: baridi ya Weldon ilikuwa imetosha kwa dawa na kwa damu. Akaketi, akacheka hadi machozi.

"Weldon," alisema kwenye simu, "hakuna mtoto atadungwa tena."